Usukani wa Datsun ya Baba Mdogo

(Maneno aliyoyasema mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka, mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazee mliotutangulia kutoka hapa, wenzangu wa mabweni yote, na ninyi wadogo zetu mliochagua viti vya karibu na mlango ili chakula kikiwa tayari muwe wa kwanza:

Kamati iliponiandikia kuniomba niseme nanyi, iliniruhusu kuchagua jambo lolote isipokuwa siasa. Mimi ni mtumishi wa Serikali, na kazi yangu ni ya majalada na mikutano. Ningeweza kuwaeleza jinsi jalada linavyosafiri kutoka meza moja hadi nyingine na kurudi lilikotoka, lakini nawapenda mno kuwatesa hivyo. Kwa hiyo nitasema habari za usukani.

Mmekwisha kuiona ile motokaa ya rangi ya machungwa niliyoiegesha chini ya mwembe. Tangu asubuhi nimeulizwa na watu wasiopungua sita, mtumishi wa Serikali amepata wapi gari la namna ile. Jibu ni fupi: nimerithi. Lilikuwa la baba yangu mdogo, naye alilinunua kuukuu kwa mkulima mmoja, nami nikalikuta ghalani likiwa limelaliwa na kuku. Ni Datsun 240Z. Gari hilo lilitolewa Japani mwezi Oktoba 1969, na kwao waliliita Fairlady Z. Lina silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, injini ya sentimita za ujazo 2,393, na uzito wake ni tani moja na kidogo tu. Wazee hamhitaji kuelezwa. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mashindano ya East African Safari kwa gari la aina hii, na mwaka 1973 akashinda Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews. Mwaka huo Mehta na Harry Källström, aliyekuwa na Datsun ya aina nyingine, walimaliza kwa alama sawa kabisa, na ushindi ukapewa Mehta. Baba mdogo alikuwa kijana wakati huo. Alikuwa akituhadithia kwamba siku magari yalipopita alimeza vumbi na hakutaka kunawa uso. Nadhani ndipo ugonjwa wake wa Datsun ulipoanza.

Sasa, gari kushinda Safari ni jambo moja. Kwenda nalo kazini kila siku, kuegesha kati ya daladala na mkokoteni wa machungwa, na kupeleka watoto shuleni, ni jambo lingine. Na tatizo lenyewe lilikuwa usukani.

Wanafunzi mnisikilize hapa, maana haya mtayakuta katika Fizikia. Ukizungusha usukani wa gari lile, shafti inapita chini na kuzungusha gurudumu dogo la meno. Meno hayo yamekamata chuma kirefu chenye meno pia, ambacho mafundi wanakiita raki. Raki inakwenda kushoto au kulia, inazisukuma tairodi mbili, na tairodi zinavuta mikono ya magurudumu. Hakuna kitu kingine katikati, wala pampu wala mafuta. Nguvu yote inatoka katika mabega yako. Gari likienda, tairi zinabiringika huku zikigeuka, na usukani ni mwepesi. Mtoto angeweza kuushika. Likisimama, tairi inabidi isugue lami pale pale ilipo, na hapo ndipo mabega yanapodaiwa.

Waliolibuni gari walilijua hilo, wakalipa tairi nyembamba na usukani mpana. Baba mdogo, Mungu amrehemu, aliyaharibu yote mawili kwa kutaka uzuri. Akaweka tairi pana, akaweka na usukani mdogo wa ngozi. Tufanye hesabu. Usukani wenye kipenyo cha sentimita 38 ukibadilishwa kwa wa sentimita 35, mkono wa wenzo umepungua, na nguvu unayotakiwa kuitia inazidi kwa karibu asilimia 9. Ukiongeza tairi pana inayosugua lami kwa eneo kubwa zaidi, na upepo haukujazwa vizuri, basi kuegesha ni kama kusaga mahindi kwa jiwe.

Niliyavumilia hayo mpaka bega langu la kulia lilipoteguka. Sikuteguka michezoni, wala msinipe heshima hiyo, niliteleza bafuni. Daktari akasema litapona lakini halitakuwa kama zamani. Mwezi uliofuata nilijikuta nimekwama nusu ndani na nusu nje ya nafasi ya kuegesha, magari yanapiga honi nyuma yangu, nami siwezi kuumaliza mzunguko. Kijana mmoja muuza maji akaingiza mkono dirishani akanisaidia kuzungusha. Aliniita mzee. Nilikuwa na miaka arobaini na miwili.

Nilikuwa na njia mbili tu, kuuza au kurekebisha. Mnunuzi alikuwapo, tena mwenye fedha taslimu. Lakini binti yangu aliposikia alilia, nami kwa kweli nilikuwa natafuta mtu wa kulia ili nipate sababu. Nikaamua kulitilia usukani wa kusaidiwa kwa umeme.

Kusaidia usukani si jambo geni. Francis Davis, Mmarekani, alikwisha kutengeneza mtambo wa kutumia mafuta katika miaka ya 1920, lakini gari la kwanza la kuuzwa lenye msaada huo, Chrysler Imperial, lilitoka mwaka 1951. Wa umeme ulikuja baadaye sana, katika gari dogo la Suzuki Cervo, mwaka 1988. Huu wa umeme ndio unaofaa magari yetu ya zamani, kwa sababu unaweza kukaa wote chini ya dashibodi. Kuna mota ndogo iliyofungwa kwenye shafti, kuna kifaa kinachopima jinsi unavyokaza mkono, na kuna sanduku la umeme linaloamua mota isaidie kiasi gani. Uingereza watu wengi wenye magari ya zamani hutumia mtambo wa Vauxhall Corsa. Kwetu hapa Corsa utaitafuta mpaka uote mvi, lakini Toyota Vitz zimejaa kila mtaa, na ndani yake mmefungwa mtambo wa jinsi hiyo hiyo.

Basi nilinunua mtambo wa Vitz na kumpelekea fundi. Jina lake silitaji, wala gereji yake. Nilimwambia maneno ambayo nayakumbuka vizuri: nalihitaji Jumatatu. Ilikuwa Ijumaa.

Jumatatu alinipa. Usukani ulizunguka kwa kidole. Nilimshukuru, nikamwongezea na ya soda. Nilipochungulia chini ya dashibodi niliona mahali ambapo shafti ya Datsun ilikutana na shafti ya Vitz, pamepakwa rangi nyeusi mbichi, nzuri sana. Niliiona rangi ile. Sikuuliza chini ya rangi kuna nini.

Kwa wiki tatu nilipeleka watoto wangu wawili shuleni kila asubuhi katika gari lile. Wiki ya tatu niliona kwamba barabara ikiwa imenyooka, usukani wenyewe haukunyooka; mkono wake mmoja ulikuwa umeinama kidogo kushoto. Nikadhani ni alaimenti. Nikaenda kwa mzee mmoja anayepima magurudumu, akapima, akasawazisha, nikaondoka nikiwa nimenyooka. Baada ya siku mbili umeinama tena, safari hii zaidi. Nikarudi kwake na malalamiko mdomoni.

Mzee yule hakupandisha gari kwenye mashine yake. Aliuliza, "Mwanangu, nani ameigusa shafti ya usukani?" Nikamweleza. Akalala chali chini ya dashibodi na tochi, akaniambia nizungushe polepole, kushoto, kulia, tena kushoto. Akanyamaza. Kisha akasema, "Shuka uone."

Nilishuka nikaona. Katika ile rangi nyeusi palikuwa na mstari mwembamba kama unywele, umezunguka shafti karibu nusu nzima. Nikizungusha kushoto mstari unafumbuka, nikizungusha kulia unafumba. Shafti mbili zilikatwa zikagusanishwa ncha kwa ncha na kuchomelewa kwa juu juu, bila chochote cha kuzishika. Usukani ulikuwa unainama kwa sababu kiungo kilikuwa kinajisokota na kukatika kidogo kidogo, kila nilipokata kona.

Mzee aliniuliza nimekuja kutoka wapi. Nikamtajia. Akauliza, na watoto? Nikasema nimewashusha shuleni dakika ishirini zilizopita. Hakusema kitu zaidi. Alichukua funguo za gari kwenye swichi akazitia mfukoni mwake, nami nilirudi nyumbani kwa basi.

Nimewahi kuulizwa kama nilimshitaki yule fundi. Nilimwendea. Alisema, "Bosi, ulisema Jumatatu." Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, lakini hilo sikuwa nimeliandalia jibu. Alikosa, na angeweza kuua watu. Lazima niseme hivyo, wala simwondolei lawama yake. Lakini chuma hakiwezi kuunganishwa sawasawa mwisho wa juma kwa sababu tu mwenye gari ana cheo.

Kazi ya pili ilichukua miezi minne, na niliifanya na yule mzee. Jambo la kwanza alilofanya ni kuung'oa mtambo wote wa umeme na kuuweka pembeni. Alisema hatumpi mgonjwa mkongojo kabla hatujatazama mguu. Tulianza na vilivyokuwamo. Bushi za mpira zinazoishika raki zilikuwa zimekuwa kama uji, hivyo kabla magurudumu hayajageuka, raki nzima ilikuwa inahama. Kuna kipande cha mpira cha mviringo kinachounganisha shafti na raki, kilikuwa kimepasuka. Ncha mbili za tairodi zilicheza, na boljointi moja ilikuwa kavu kabisa, haijaonja grisi tangu, nadhani, enzi za baba mdogo. Tukabadilisha vyote. Mzee alikataa bushi za plastiki ngumu katika vile vyuma viwili vinavyoshikilia mikono ya mbele ya gari isirudi nyuma, ingawa katika raki alizikubali. Alisema pale mbele ugumu ukizidi, chuma chenyewe ndicho kinachopinda mpaka kikatike, na wenye Datsun hizi wengi wamekwisha kuyaona hayo.

Kisha tairi. Tukaondoa zile pana za baba mdogo, tukaweka za milimita 185, karibu na za asili ambazo zilikuwa 175. Tukajaza upepo sawasawa. Tukarudisha usukani mpana. Hapo nilifanya jaribio ambalo mwalimu wangu wa Fizikia wa shule hii angelifurahia. Nilifunga mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki, kwenye ukingo wa usukani, gari likiwa limesimama kwenye saruji, nikavuta mpaka usukani ukaanza kwenda. Kabla ya matengenezo, kwa usukani mdogo na tairi pana, nilikuwa nimepata kilo 19. Sasa nilipata 13. Umeme ulikuwa bado sakafuni ndani ya boksi. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia usukani wake ni mzito na anataka mtambo, namwuliza kwanza ana kipimo cha upepo.

Kilo 13 bado zilikuwa nyingi kwa bega langu, basi tukaendelea. Tulitafuta mtambo mwingine kutoka Vitz iliyogongwa nyuma, si mbele. Sababu yake ni kwamba shafti ya usukani ya gari la kisasa imetengenezwa ijikunje katika ajali isimchome dereva kifuani. Ukichukua ya gari lililogongwa mbele huenda imekwisha kujikunja, na ukiichomelea iwe kipande kimoja kigumu, umetengeneza mkuki na kuuelekeza moyoni mwako.

Viungo havikuchomelewa kabisa. Fundi wa mashine ya kukerezea alitutengenezea vipokeo vyenye meno yanayolingana na meno ya shafti zote mbili, na kila kimoja kina bolti inayopita katika mfereji wa shafti, hivyo hata bolti ikilegea haiwezi kuchomoka mpaka uivute kwa makusudi. Kazi hiyo peke yake ilinigharimu zaidi ya mtambo wenyewe.

Shafti yetu haikuweza kupita moja kwa moja, ikabidi tuweke krosi mbili. Hapa wa kidato cha nne mtanisahihisha. Krosi moja ikikaa kwa pembe, upande wa pili hauzunguki kwa mwendo ulio sawa, bali unaharakisha na kupunguza mara mbili katika kila mzunguko. Kwa pembe ya digrii 30, kosaini yake ni 0.87, basi upande wa pili unakwenda kati ya 0.87 na 1.15 ya mwendo wa upande wa kwanza. Mkononi unasikia usukani mwepesi, mzito, mwepesi, mzito, kama unakanyaga baiskeli yenye gia iliyopinda. Dawa yake ni krosi ya pili, kwa pembe ile ile, na uma zake zielekezwe sawasawa ili kosa la kwanza lifutwe na la pili. Sisi tulizifunga kimakosa mara ya kwanza, uma zimepishana. Makosa yakaongezeka maradufu badala ya kufutana, na mzee akacheka mpaka akakaa chini.

Kisha umeme. Mota ile ikisaidia gari lililosimama hula makumi ya ampea, na oltaneta ya asili ya Datsun yangu hutoa ampea 50 hivi, tena injini ikiwa inanguruma. Injini ikiwa taratibu, usiku, taa zimewashwa, niligeuza usukani na taa zote zikafifia kama mshumaa. Tukaweka oltaneta kubwa zaidi, waya nene kutoka kwenye betri, na fyuzi yake peke yake.

Lililobaki lilikuwa la mwendo. Katika Vitz, sanduku la umeme hupelekewa habari ya mwendo wa gari, na kadiri gari linavyokwenda mbio ndivyo linavyopunguza msaada, maana usukani mwepesi mno katika kilomita 100 kwa saa ni hatari. Ukipiga chafya umehama barabara. Spidomita ya Datsun inazungushwa kwa kebo, haina habari yoyote ya umeme ya kutoa. Kwa hiyo huwekwa kisanduku kidogo chenye kitufe cha kuzungusha, ambacho hulidanganya sanduku kubwa kwamba gari linakwenda mwendo fulani. Ubaya wake ni kwamba kiasi unachochagua ndicho utakachokuwa nacho, mjini na barabara kuu. Mimi nimekiweka chini, na kitufe nimekifunga ndani mahali ambapo mtoto hawezi kukichezea akidhani ni redio.

Kabla ya kuliingiza barabarani tulikwenda kwenye kiwanja kitupu, mzee akachomoa fyuzi ya mota huku nikiendesha. Usukani ukawa mzito ghafla, lakini magurudumu yalitii. Tulilifanya hilo mara kumi, mpaka mikono yangu ikakoma kushtuka. Nililipeleka pia kwa polisi wakalikagua, na kampuni ya bima nikaiandikia barua kueleza kilichobadilishwa.

Si wote waliofurahi. Rafiki wa marehemu baba mdogo, mzee ninayemheshimu sana, alikuja nyumbani, akazunguka gari mara mbili, akakaa, akaushika usukani. Kisha akasema, "Hili sasa ni Vitz limevaa koti." Aliniuma. Nikamwonyesha rafu ambapo shafti ya asili, ile niliyoitafuta nzima badala ya iliyokatwa, imelazwa ndani ya kitambaa chenye mafuta. Nikamweleza kwamba bodi ya gari haikutobolewa hata tundu moja, na siku nikifa, kwa spana na siku moja ya kazi, gari litarudi lilivyokuwa. Alinikubalia nusu. Nusu nyingine hakunikubalia, na lazima niseme ana haki yake. Zamani nikipita barabara ya changarawe nilikuwa nazisikia kokoto katika viganja, moja moja, na niliweza kujua tairi ya mbele inataka kuteleza kabla haijateleza. Sasa nazisikia kama mtu aliyevaa glavu. Kitu hicho kimepotea, na hakuna kitufe kinachokirudisha. Nimekitoa ili niweze kuliendesha gari siku sita kwa wiki, badala ya kulitazama ghalani pamoja na kuku.

Mizani leo inasema kilo 4.

Ndugu Mwenyekiti, naona wa mlangoni wameanza kunusa pilau. Nimemwomba Mwalimu wa Fizikia, naye amekubali, kwamba baada ya chakula wanafunzi waje pale chini ya mwembe, wanne wanne. Mizani ya samaki ninayo. Fyuzi nitaichomoa, mtapima. Kisha nitairudisha, mtapima tena, na anayetaka kulala chali na tochi aone vile viungo, nimeleta mkeka. Havijapakwa rangi.